Mwanafunzi Akinyamazishwa, Nani Ataiambia Shule?

Jumamosi moja ya Mei 2017, binti wa miaka 14 katika mji mdogo wa Mahanoy City, jimboni Pennsylvania, alikuwa amefura kwa hasira. Alikuwa ameomba nafasi katika kikosi kikuu cha washangiliaji wa shule yake akaishia kuwekwa kikosi cha chini, na wakati huohuo msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anajiunga na shule akapewa nafasi kikosi kikuu. Akiwa dukani na rafiki yake, walinyanyua vidole vya kati, wakajipiga picha, naye akaiposti Snapchat pamoja na tusi moja alilolirudia mara nne: kwa shule, kwa softiboli, kwa ushangiliaji na kwa kila kitu. Picha ingefutika yenyewe baada ya saa 24, na walioweza kuiona ni marafiki zake wapatao 250. Mmoja wao, mshangiliaji mwenzake, akaipiga picha kwa simu nyingine na kuwaonyesha wenzake, akiwamo binti wa kocha. Ikafika kwa makocha, na mwenye hasira akasimamishwa kikosini mwaka mzima.

Msimulie kisa hiki mzazi yeyote wa kwetu, yaelekea atakwambia adhabu ilikuwa ndogo. Mtoto katukana shule, atiwe adabu. Ndiyo maana kesi hii, ambayo mahakamani binti huyo alitajwa kwa herufi B.L. tu, inanivutia kuijadili: inamtetea mtu ambaye maneno yake hayana utetezi. Hakukuwa na hoja ndani ya posti ile, wala malalamiko yaliyopangwa vizuri, wala ushairi. Hata hivyo, tarehe 23 Juni 2021, majaji 8 kati ya 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani walisema shule ilivuka mpaka wake.

Msingi wa kesi za aina hii ni hukumu ya Tinker ya mwaka 1969, iliyotokana na wanafunzi wa Des Moines, Iowa, waliovaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Kwa hukumu hiyo mwanafunzi ana haki ya kujieleza hata akiwa ndani ya shule, mradi asivuruge masomo kwa kiasi kikubwa au kuingilia haki za wenzake. Lakini mwaka 1969 geti la shule lilikuwa na maana. Leo neno lililoandikwa chumbani usiku linamkuta mwalimu ofisini asubuhi, na shule nyingi zikachukulia kwamba mamlaka yao sasa yanamfuata mwanafunzi popote simu yake ilipo.

Jaji Stephen Breyer, aliyeandika hukumu ya B.L., aliuliza swali ambalo wengi hatuliulizi: shule ikiweza kumwadhibu mtoto kwa alichosema darasani, na pia kwa alichosema nyumbani, dukani na kitandani, ni wapi na saa ngapi mtoto huyo atasema lake? Akaongeza kwamba nje ya shule mlezi ni mzazi, na kwamba shule yenyewe ina maslahi katika kulinda maoni yasiyopendwa, kwa kuwa shule za umma ndizo vitalu vya demokrasia. Na vurugu zenyewe zilikuwa kiasi gani? Ushahidi ulionyesha kwamba darasa la aljebra, lililofundishwa na mmoja wa makocha, lilijadili suala lile dakika 5 mpaka 10 kwa siku chache, na baadhi ya washangiliaji walikasirika. Basi.

Upande wa pili hautaki kubezwa. Mkuu wa shule wa Marekani anaishi na hofu ambayo wengi wetu hatuijui. Tarehe 14 Februari 2018 watu 17 waliuawa kwa risasi katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, Parkland, Florida. Tarehe 30 Novemba 2021, miezi mitano baada ya hukumu ya B.L., wanafunzi wanne waliuawa Oxford, Michigan. Septemba 2024 ikawa Apalachee, Georgia, ambako pia waliuawa wanne. Katika misiba yote mitatu muuaji au mshukiwa alikuwa ameacha alama mtandaoni, au polisi walikuwa wameshamhoji kwa sababu ya vitisho vya mtandaoni. Kila mara swali linalofuata ni lilelile: mlijua, kwa nini hamkufanya kitu? Mwalimu aliyeulizwa swali hilo mbele ya mama aliyefiwa hawezi tena kuisoma posti ya hasira kama sisi tunavyoisoma. Simlaumu.

Ila misiba hiyo ikichunguzwa kwa karibu, sioni kilichokosekana kikiwa mamlaka ya kuadhibu maneno. Parkland, mtu aliripoti kwa FBI maoni ya YouTube ya kijana aliyejitangaza kuwa atakuwa mshambuliaji wa shule. Januari 2018 mtu mwingine wa karibu na kijana yuleyule akapiga simu FBI kueleza hofu yake, na shirika hilo baadaye likakiri kwamba taarifa hiyo haikufuatiliwa inavyotakiwa. Oxford ndiko kunakoumiza zaidi. Siku moja kabla, mwalimu alimwona mwanafunzi akitafuta risasi kwenye simu yake darasani. Asubuhi ya tukio lenyewe mwalimu mwingine akakuta karatasi ya hesabu imechorwa bunduki na mtu anayevuja damu, kukiwa na maandishi ya kuomba msaada: mawazo hayakomi. Wazazi wakaitwa. Wakakataa kumrudisha nyumbani. Akaruhusiwa kurudi darasani na begi lake, ambalo halikufunguliwa, na bunduki ilikuwa humo. Mtoto huyo alikuwa amesema, kwa mkono wake, juu ya karatasi ya shule. Kilichokosekana ni mtu mzima wa kukaa na maneno yale mpaka yaeleweke.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo na takwimu moja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Secret Service, idara ya Marekani inayomlinda rais, pamoja na wizara ya elimu ya nchi hiyo, walichunguza mashambulizi 37 ya shuleni yaliyotokea kati ya 1974 na 2000. Katika asilimia 81 ya matukio, kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyejua kabla kwamba mshambuliaji anawaza au anapanga jambo. Na watu hao walikuwa akina nani? Katika asilimia 93 ya matukio hayo aliyejua alikuwa wa rika lake: rafiki, mwanafunzi mwenzake, ndugu yake. Watu wazima walijua mara chache sana. Mwaka 2021 Secret Service ikatoa uchambuzi mwingine, safari hii wa njama 67 zilizozuiwa kabla damu haijamwagika, na picha ikawa ileile upande wa heri: mara nyingi aliyeokoa shule ni mwanafunzi aliyeona au kusikia kitu, akaenda kusema.

Kwa hiyo usalama wa shule umo vichwani mwa watoto. Mlinzi getini, kamera na mlango wa chuma vina kazi yao, lakini habari yenyewe, ile ya nani anataka kufanya nini, inakaa kwa kijana wa miaka 15 anayejiuliza kama aseme au anyamaze. Kila kitu shule inachofanya kuhusu maneno ya wanafunzi kinamfundisha kijana huyo jibu. Katika utafiti wa baadaye kuhusu waliojua na kunyamaza, yupo mwanafunzi aliyemwona mwenzake na silaha shuleni asiseme, kwa sababu alishazoea kuona kwamba anayesema ndiye anayeingia matatani na kuhojiwa na walimu kama mkosaji. Nimelirudia jibu lake mara nyingi. Hakuwa mwoga, wala hakuwa mshirika wa mwenye silaha. Alikuwa amejifunza vizuri sana somo ambalo shule yake ilimfundisha bila kukusudia.

Sasa weka jibu hilo kando ya sera zinazopendwa leo. Tennessee ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kumfukuza shule kwa mwaka mzima mwanafunzi anayetoa tishio la mauaji ya wengi, na mwaka uliofuata tishio la namna hiyo likapandishwa kuwa kosa kubwa la jinai. Katika jimbo hilohilo, msichana wa miaka 13 aliandika utani mbaya, wenye neno la kuua, katika mazungumzo na wenzake waliokuwa wakimtania kuhusu rangi yake. Programu ya ufuatiliaji iliyofungwa kwenye akaunti za shule ikaripoti. Alikamatwa, akavuliwa nguo kukaguliwa, akalala mahabusu. Maneno yake yalikuwa mabaya, na mzazi yeyote angemkemea. Lakini wenzake walijifunza nini kuhusu kumwendea mtu mzima na kusema, mwenzangu ameandika kitu, nadhani anatania ila sina hakika? Hiyo ndiyo sentensi tunayoihitaji kuliko zote, na tumeipandisha bei mpaka mtoto hawezi kuimudu.

Programu zenyewe zina watetezi, na baadhi ya wakuu wa shule wanasema wazi kwamba zimewawezesha kumfikia mtoto aliyekuwa akifikiria kujiua. Naamini ni kweli. Shirika la habari la Associated Press liliangalia rekodi za wilaya ya shule ya Lawrence, Kansas: ripoti zaidi ya 1,200 katika miezi 10, na karibu theluthi mbili kati ya hizo maofisa wenyewe walizitupilia mbali kuwa si kitu. Zaidi ya 200 zilitokana na kazi za nyumbani. Insha ya mwanafunzi wa kuombea chuo ilikamatwa kwa sababu ya maneno "afya ya akili". Mtoto aliyeandika kwamba aliwahi kuugua moyoni akapona, akakuta maandishi yake yamekwenda mezani kwa mkuu, safari nyingine ataandika kuhusu mpira. Theluthi moja iliyobaki ina uzito wake, na siwezi kumwambia mama wa mtoto aliyeokolewa kwamba mashine isingewashwa. Ninachouliza ni wangapi waliacha kuandika, na kwa kuwa waliacha, hakuna rekodi itakayowaonyesha.

Uonevu ni jambo jingine, na hapa nakubaliana na shule bila kinyongo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa iliiunga mkono shule ya West Virginia iliyomwadhibu mwanafunzi aliyefungua ukurasa wa MySpace wa kumsingizia mwenzake maradhi ya zinaa, akaalika watu waje kumcheka. Aliyedhalilishwa naye ana haki ya kukaa darasani. Hata Breyer aliacha mlango huo wazi: uonevu mkubwa, vitisho kwa walimu au wanafunzi, na uvunjaji wa usalama wa vifaa vya shule ni mambo ambayo shule inaweza kuyashughulikia hata yakianzia nje. Anayesema hukumu ile iliwafunga walimu mikono hajaisoma.

Kesi inayoninyima usingizi ni ya Mississippi. Katika likizo ya mwishoni mwa 2010, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mwenye rekodi ya nidhamu isiyo na doa zaidi ya kuchelewa, alirekodi rapu mbali na shule akaiweka Facebook na baadaye YouTube. Ndani yake alidai makocha wawili wanawasumbua wasichana kimapenzi. Wasichana wanne baadaye waliapa kwa maandishi kuunga mkono madai hayo. Wimbo ulikuwa na matusi na mistari ya bastola, kama ilivyo kawaida ya rapu, na kocha aliyetajwa ana haki ya kusema aliogopa. Lakini kamati ya nidhamu ya shule yenyewe ilisema haiko wazi kama yale yalikuwa tishio. Hata hivyo kijana alisimamishwa na kuhamishiwa shule ya marekebisho kwa muda uliobaki wa kipindi cha masomo cha wiki tisa, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Tano, ikiketi kwa jopo kamili, ikasema shule ilikuwa na haki.

Msomaji wa Tanzania atakumbuka Oktoba 2016, video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi kwa ngumi na fimbo katika sekondari ya Mbeya Day. Kipigo kilipotolewa ofisini hakikuwa habari. Kilikuwa habari kiliposambaa WhatsApp, na ndipo mawaziri wakaamka na walimu wale wakafutwa vyuoni. Mtandao uliofanya kazi hiyo ni uleule tunaoambiwa unahatarisha shule.

Kwa Mississippi hakuna waziri aliyeamka. Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa ya kijana yule mwaka 2016, na hukumu ya B.L. iliyokuja miaka mitano baadaye haikuifuta moja kwa moja ile ya Kanda ya Tano, ambayo mamlaka yake yanafika Texas, Louisiana na Mississippi. Binti aliyetukana ushangiliaji akapata ulinzi. Kijana aliyesema wasichana wanashikwashikwa hakupata. Msichana wa majimbo hayo ambaye leo anaguswa na kocha, na ofisi haimsikilizi, ana haki ya kujua kabla hajaandika neno kama sheria iko upande wake. Mahakama ya Juu ndiyo yenye uwezo wa kumjibu, na kesi nyingine ya aina hii ikifika mbele yake, haina sababu ya kuikataa mara ya pili.