Simu ni ya mama, bando ni la usiku

Tarehe 10 Desemba 2025 Australia ilianza kutekeleza sheria inayozuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za Instagram, TikTok, Snapchat na mitandao mingine mikubwa. Kampuni inayozembea inaweza kutozwa faini ya hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mtoto na mzazi hawatozwi kitu. Wazazi wengi wa huku Tanzania na Kenya wamelipokea jambo hilo kwa swali moja: na sisi tunangoja nini?

Hoja yao ni nzito. Jonathan Haidt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha New York, anasema ongezeko la sonona na wasiwasi kwa vijana wa Marekani na nchi zinazofanana nayo lilianza pale simu janja ilipoingia mikononi mwao, miaka ya 2010 mwanzoni. Anashauri mitandao ya kijamii isubiri miaka 16, na shule ziwe hazina simu kabisa. Mwaka 2021 nyaraka zilizotolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook (sasa Meta), wamiliki wa Instagram, zilionyesha kwamba kampuni yenyewe ilikuwa imeshajichunguza: asilimia 32 ya wasichana wa rika hilo walisema kwamba wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni ikijua hivyo na ikaendelea na biashara, mzazi ana haki ya kukasirika.

Anayempinga Haidt waziwazi ni Candice Odgers, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Kwake yeye, tafiti zilizopo zinaonyesha uhusiano mdogo tu, na hazisemi nani alitangulia: simu kumtia kijana huzuni, au kijana mwenye huzuni kukimbilia simu. Sina ubavu wa kuwaamua. Ninachokiona ni kwamba ubishi wao unamhusu hasa kijana mwenye simu yake, chumba chake na waifai isiyokatika.

Kijana wa kidato cha pili Mbagala au Kisauni mara nyingi hana simu. Ana saa zake kwenye simu ya mtu. Laini imesajiliwa kwa jina la mama, WhatsApp ni ya mama, na TikTok alifungua kaka kwa tarehe ya kuzaliwa ya kubuni. Mtambo wa kukagua umri ukibisha hodi utamkuta mama mtu mzima, na utaondoka umeridhika. Wala hatuhitaji kubahatisha, maana ukomo wa umri tunao tayari kwenye kubeti. Tanzania na Kenya zote zinataka mchezaji awe ametimiza miaka 18, na bado mvulana wa miaka 15 anacheza kindege, ule mchezo wa kamari wa mtandaoni, kwa laini ya kaka yake, hela ikitoka kwenye nauli. Mwishoni mwa Aprili 2025 Kenya ilifika mahali pa kusimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba yalikuwa yanawafikia watoto.

Kuna uwanja mmoja ambao wenye kutaka marufuku wanashinda, nao ni usingizi. Wataalamu wa usingizi wanataka kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Mwanafunzi wa kutwa wa Dar es Salaam anayeamka saa kumi na nusu alfajiri ili agombanie daladala angepaswa kulala saa mbili na nusu usiku. Nani analala saa hiyo? Sasa ongeza simu ya kuazima. Inapatikana lini? Mama akishalala. Na bando la usiku, lile la kuanzia saa sita, kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko la mchana. Kwa hiyo umaskini wa simu, ambao ungedhaniwa unamkinga kijana, ndio unaomkesheza. Simu ichajiwe chumbani kwa wazazi, yenye nywila ambayo mtoto haijui. Hapo sioni cha kujadili. Ningependa pia wauza bando waulizwe wanamkusudia mteja gani saa nane za usiku, lakini swali hilo sijasikia likipewa nafasi kubwa.

Kwenye afya ya mwili mambo yanageuka. Tanzania ilianza kutoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Uvumi kwamba inaharibu kizazi ulienea WhatsApp, na WhatsApp ni baraza la wazazi kuliko la vijana. Aliyepotoshwa na mtandao hapo ni mzazi, si binti.

Binti huyo ana maswali ambayo hayasubiri. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata mimba. Sheria inatambua hali hiyo: tangu 2019 mwenye miaka 15 anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi. Tutamwambia kwamba ana akili ya kupokea majibu ya VVU peke yake, ila hana akili ya kufungua ukurasa unaoeleza maana ya majibu hayo?

Pwani, msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake. Mambo ambayo mama aliona haya kuyasema yalisemwa na mtu mwingine, aliyechaguliwa na kuaminiwa na ukoo. Sitaki kuyapamba ya kale, kwani unyago umelalamikiwa, na kwa haki, pale unapowafunda watoto wadogo mno mambo ya unyumba. Lakini kazi ya somo ilikuwa kazi halisi, na siku hizi anaifanya mtengeneza video anayeuza dawa ya kukata tumbo. Shule za bweni nazo hazijaijaza nafasi hiyo. Simu ikikutwa chini ya godoro inavunjwa mbele ya paredi, halafu Desemba mwanafunzi anarudi nyumbani kwa likizo na kuachiwa simu mchana kutwa, bila neno.

Ninaloliogopa zaidi katika marufuku ya umri ni ukimya. Utafiti wa UNICEF, INTERPOL na ECPAT, mtandao wa mashirika yanayopinga unyonyaji wa kingono wa watoto, uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti, kama watoto 200,000, walifanyiwa aina nzito za ukatili wa kingono mtandaoni, na mara nyingi mtendaji ni mtu wanayemfahamu. Binti wa miaka 14 anayetishiwa kwamba picha yake itasambazwa atamwambia nani, ikiwa kuwa na akaunti kwenyewe ni kosa? Australia imesema mtoto hataadhibiwa. Nyumba zetu hazina kifungu hicho, swali la kwanza litakuwa "simu uliitoa wapi?", na fimbo ipo karibu. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure Tanzania na Kenya, lakini anayeogopa kukiri kwamba alikuwa mtandaoni haipigi.

Marufuku ya simu darasani ibaki. Ya usiku naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini muswada wa miaka 16 ukipelekwa Dodoma au Nairobi, nitaanza kusoma kifungu kinachomhusu mtoto aliyekwisha kudhurika: anaripoti kwa nani, nani anakaa naye wakati wa kuhojiwa, na simu ya mama, ambayo ndiyo duka lake na M-Pesa yake, itashikiliwa polisi kama kielelezo kwa muda gani.