Mwacheni mtu afowadi barua pepe zake mwenyewe

Nilipokuwa kitengo cha TEHAMA cha chuo kimoja, mhadhiri mmoja alikuwa anakwenda masomoni nje, akataka barua pepe zake za kazini zimfuate kwenye Gmail, yaani zifowadiwe huko zenyewe. Utaratibu wetu: fomu, sahihi ya mkuu wa idara, kisha foleni mezani kwangu. Wiki ya tatu akachoka, akamwachia katibu muhtasi nywila yake awe anamsomea. Fomu tuliyoiweka kwa ajili ya usalama ndiyo iliyozaa hilo.

Tangu hapo nasema mtumiaji aachiwe apange mwenyewe barua zake ziende wapi. Ila si kwa mtindo wa zamani wa Unix (mfumo endeshi wa seva), wa kuandika anwani kwenye faili la .forward na kumaliza. Faili hilo hukubali pia mstari unaoanza na alama |, maana yake barua ikifika iendeshe programu. Ukimpa mtu faili hilo bila kulibana, umempa na uwezo wa kuendesha amri kwenye seva yako. Sieve, lugha ya kuchuja barua iliyowekewa kiwango katika RFC 5228, waraka wa viwango vya intaneti, mwaka 2008, ni salama zaidi: ina amri ya kuelekeza barua, na katika msingi wake haiendeshi programu za nje.

Lakini anayeninyima usingizi ni tapeli. Akishaipata nywila ya mhasibu, hana haraka. Anaweka kanuni moja tu: barua yenye neno "ankara" au "malipo", nakala ije kwangu. Halafu anakaa anasoma. Mhasibu akishtuka na kubadili nywila, kanuni inabaki palepale na barua zinaendelea kuvuja. FBI ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya mbinu hii mwaka 2020.

Gmail hutuma ombi la uthibitisho kwenye anwani inayopelekewa. Ni jambo jema, linazuia mtu kummwagia mwenzake barua asizozitaka, ila tapeli halimsumbui: anwani ni yake. Kwa hiyo ningedai nywila iulizwe upya pamoja na msimbo wa simu, kisha taarifa ibandikwe kwenye kisanduku cha mwenye akaunti. Gmail huionyesha kwa siku chache za mwanzo. Mimi ningeirudia kila mwezi, hata watu wakilalamika. Na kanuni zote zionekane ukurasa mmoja, si kufukuliwa kwenye menyu tatu.

Wapo wanaofunga kabisa ufowadi wa kwenda nje, na Microsoft 365 huja imefungwa hivyo. Kwa benki sibishi. Kwa chuo, tutarudi kwa katibu muhtasi.

Kitu kimoja tu mtumiaji asibebeshwe: SPF, ukaguzi wa kama seva iliyotuma barua imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji (jina lililo baada ya @). Barua iliyofowadiwa hutoka kwenye seva yako ikiwa na jina la kikoa cha mtu mwingine, hivyo ukaguzi huo hufeli mpaka seva iandike upya anwani ya mtumaji iwe ya kikoa chake yenyewe, kwa mbinu iitwayo SRS. Hiyo ni kazi ya fundi, na muda niliokuwa napoteza kuhakiki sahihi za wakuu wa idara ungetosha kuifanya.