Daku la Saa Saba Mchana

Bi mkubwa wangu ana sauti inayofika bondeni bila spika. Ramadhani ile, hapa Wete, Pemba, nikamrekodi: "Amkeni mle! Daku hilo!" Nikatanguliza mlio wa ngoma, nikaandika programu fupi ya Python, nikaipakia kwenye Raspberry Pi 3, kikompyuta kidogo kilichokaa juu ya kabati. Spika nikaielekeza dirishani, majirani nao wafaidi. Kazi yake moja: kuanzia saa kumi hadi saa kumi na nusu alfajiri, inaita.

Umeme ndio ulionitoa jasho. Ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka lakini programu imelala, mpaka niende kuianzisha mwenyewe. Mwamshaji wa kuamshwa, yakhe! Nikaifanya huduma ya Linux, yaani programu inayosimamiwa na mfumo wenyewe wa kompyuta: faili la daku.service ndani ya /etc/systemd/system, humo nikaandika Restart=always ili ikifa ifufuke, kisha systemctl enable ili ianze yenyewe kila kompyuta inapowaka. Nikajaribu kuzima na kuwasha. Ikaamka. Jioni ile nilifuturu kwa maringo.

Nilichosahau ni kwamba Pi 3 haina betri ya saa. Ikizimika haijui muda uliopita; ikiwaka huendelea na saa ya mwisho iliyoihifadhi, mpaka iulize intaneti.

Kesho yake umeme ukakatika dakika chache kabla ya saa kumi alfajiri. Ukarudi saa saba mchana, watu ndio wanatoka msikitini. Bando langu limekwisha tangu jana, basi hakuna wa kuiambia kompyuta kuwa kumekucha.

"Amkeni mle! Daku hilo!"

Ami alikuwa amejilaza chumba cha ndani, madirisha yamefungwa. Akakurupuka, akaushika mtungi. "Zimebaki dakika ngapi?" Mkewe aliiwahi kata ikiwa mdomoni.

Mimi niko kwenye laptopu, vidole vinatetemeka. Nikaiua programu kwa amri ya kill. Kimya. Sikuwahi kushusha pumzi, maana systemd, msimamizi wa huduma za Linux, usipoiambia vingine hungoja milisekunde 100 tu: "Amkeni mle!" Ngoma upya, toka mwanzo. Nikaua tena, ikafufuka tena. Si nilivyoiagiza? Ilitakiwa systemctl stop, amri ya kuisimamisha huduma yenyewe, lakini kichwa chenye swaumu saa saba mchana kitaikumbuka wapi?

Barazani vijana wakapiga hodi. "Bi mkubwa, tukaribie? Leo kuna nini?"

Bi mkubwa akatoka ukumbini, akasimama, akajisikiliza akiwahimiza Waislamu wale.

"Huyo mimi?"

"Ndiye wewe, mama."

Akapanda kiti kimyakimya, akachomoa waya.

Usiku ule nilikuwa nishapata bando. Kwenye laptopu nikaiandika huduma upya, sasa isubiri time-sync.target pamoja na systemd-time-wait-sync.service, yaani isifungue mdomo kabla saa haijasahihishwa. Haikujaribiwa. Waya ulikuwa umefungwa pindoni mwa kanga ya bi mkubwa, na niliurudishiwa Idi mosi.