Jino linalouma usiku kucha: kutibu mzizi au kung'oa?

Jino likianza kumnyima mtu usingizi, ushauri wa nyumbani mara nyingi ni mmoja: ling'oe, upumzike. Akifika kliniki ya meno mjini anaambiwa kinyume: usiling'oe, tutibu mzizi. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Kasoro ni kwamba mazungumzo huishia kwenye maumivu na bei, ilhali kinachoamua zaidi ni mambo mawili mengine: jino zima limebaki kiasi gani juu ya fizi, na kama mgonjwa ataweza kuifikisha kazi mwisho, yaani hadi jino livishwe kofia, ganda gumu la bandia linalolifunika lote juu ya fizi.

Tuanze na kinachouma. Chini ya enameli na dentini, yaani tabaka mbili ngumu za jino, kuna kiini cha jino, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, inayoshuka kwenye mifereji ya mizizi hadi mfupa wa taya. Uozo ukikikaribia, kiini huvimba, na kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu hupwita na kupanda hadi sikioni.

Ukinywa maji baridi jino likashtuka, kisha likatulia baada ya sekunde chache, kiini bado kinaweza kupona: uozo unaondolewa, tundu linazibwa, basi. Maumivu yakiendelea nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuisha, yakija yenyewe bila kuguswa, yakizidi ukilala, au chai ya moto ikiyaamsha, kuziba peke yake hakutatosha. Baada ya siku au wiki kadhaa maumivu yanaweza kukoma ghafla. Hapo wengi huahirisha safari ya hospitali, na ni kosa kubwa. Kiini kimekufa, bakteria wamepata makazi yasiyofikiwa na damu, na safari yao inayofuata ni kwenye mfupa. Dalili zake ni jino kuuma likigongwa au likitafunia, na kijipu kidogo kwenye fizi kinachopasuka na kujaa tena.

Antibiotiki hazitibu hali hii. Amoksilini husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaopinga kuwapa antibiotiki watu wazima wenye kinga nzuri kwa maumivu ya jino yasiyo na homa wala dalili za maambukizi kuenea mwilini, pale ambapo jino lenyewe linaweza kutibiwa. Kutuliza maumivu ni jambo lingine. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi wala ujauzito anaweza kutumia ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6 hadi 8, parasetamoli isizidi gramu 4 kwa siku. Mafuta ya karafuu nayo hutuliza kweli, lakini tone moja kwenye pamba ndani ya tundu la jino linatosha. Yakimwagikia fizi yanaunguza. Aspirini isiwekwe kwenye fizi kabisa.

Sasa hoja ya kung'oa. Kazi inaisha kwa siku moja, hupatikana hata kwenye vituo vingi visivyo na vifaa vya kutibu mizizi, gharama yake ni ndogo, na chanzo cha usaha kinaondoka chote. Kwa mtu anayeishi mbali na mji, hizi si hoja za kubezwa. Gharama yake hujitokeza baadaye. Ndani ya mwaka mmoja upana wa mfupa ulioshika jino hupungua kwa takriban nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Meno jirani huweza kuinama kuelekea pengo, na jino la taya ya pili lililokuwa likikutana nalo hurefuka kwa kukosa mwenzake. Anayetaka kuziba pengo hana budi kuchagua jino bandia la kuvaa na kuvua, daraja linalolazimu meno jirani yasagwe, au jino la kupandikizwa mfupani, ambalo kwa kawaida huwa ghali kuliko mzizi na kofia kwa pamoja.

Kutibu mzizi kunaogopwa kwa sababu wengi hawajui kinachofanyika. Baada ya ganzi, jino hufunikwa kwa pazia la mpira linaloliacha peke yake, ili mate yasiingie na vifaa visianguke kooni. Uozo wote unatolewa, kisha daktari hufungua njia kupitia juu ya jino na kutafuta midomo ya mifereji. Meno ya mbele ya juu huwa na mfereji mmoja. Gego la kwanza la chini huwa na mitatu au minne. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, lakini zaidi ya nusu ya magego hayo yana mfereji wa nne, mwembamba na uliojificha, na ukiachwa bila kusafishwa jino linaweza kuendelea kuumwa hata kama mifereji mingine imezibwa vizuri.

Mifereji husafishwa kwa faili, yaani tupa nyembamba kama sindano, na ya kwanza kuingia huwa na ncha ya milimita 0.1 hivi. Urefu wa mfereji hupimwa kwa kifaa cha umeme na kuthibitishwa kwa picha ya eksirei, na kazi husimama milimita 0.5 hadi 1 kabla ya ncha ya mzizi. Katikati ya faili moja na nyingine mfereji huoshwa kwa sodiamu haipokloraiti, dawa ya jamii ya jiki, maana faili hukwangua kuta tu; kinachoua bakteria kwenye vichochoro ni hiyo dawa. Mwisho mifereji hukaushwa na kujazwa gutapecha, utomvu mgumu wa mti, pamoja na saruji maalumu. Kwa gego, yote hayo huchukua kikao kimoja au viwili, kila kimoja saa moja hadi moja na nusu.

Kuna mambo yanayoharibika. Faili nyembamba inaweza kukatikia ndani ya mzizi uliopinda. Ukuta wa mzizi unaweza kutobolewa. Dawa ya kuoshea ikisukumwa kwa nguvu kupita ncha ya mzizi huleta maumivu makali na uvimbe papo hapo. Ganzi nayo kwenye gego la chini lililovimba kiini mara nyingi haishiki kwa sindano ya kwanza. Si uzembe wa daktari wala ukaidi wa mgonjwa, ni tabia ya mshipa uliovimba, na sindano ya nyongeza pembeni ya jino au ndani ya kiini humaliza tatizo. Mgonjwa aseme mapema kwamba anasikia maumivu, asivumilie.

Matokeo yake ni mazuri kuliko inavyodhaniwa. Tafiti zilizojumlishwa zinaonyesha kwamba kati ya meno 100 yaliyotibiwa mzizi, 86 hadi 93 bado yapo kinywani baada ya miaka 2 hadi 10. Lakini mengi yanayopotea hayapotei kwa sababu ya mzizi. Yanapasuka. Gego lililochimbwa katikati lina kuta nyembamba, na nguvu ya kutafuna huzisukuma nje kila siku. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2002 ulikuta meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvishwa kofia yanapotea mara 6 zaidi ya yaliyovishwa.

Hapa ndipo tunapoona uamuzi wenyewe ulipo. Kofia inahitaji pa kushika: ukanda wa jino zima wenye kimo cha milimita 2 hivi kuzunguka juu ya fizi. Ukiwepo, tibu mzizi. Jino likiwa limeoza hadi chini ya fizi, au limepasuka hadi kwenye mzizi, mzizi uliotibiwa kwa ustadi wote hautalisaidia, na daktari mkweli atasema ling'olewe. Vivyo hivyo kwa mfuko wa mgonjwa. Mwenye fedha za mzizi tu, bila matumaini ya kofia wala kizibo imara kinachofunika ncha zote za gego, ananunua nusu ya tiba. Tunajua kauli hii haipendezi, lakini kinachoonekana mara nyingi ni gego lililofunguliwa, maumivu yakaisha, mgonjwa hakurudi. Kizibo cha muda kikamong'onyoka baada ya wiki chache, mate yakaingia, na jino likang'olewa baada ya kulipiwa mara mbili.

Ipo pia njia ya kati isiyotajwa vya kutosha. Kiini kikiwa bado hai, daktari anaweza kukata sehemu yake ya juu tu, akaacha iliyo ndani ya mizizi, damu ikakoma, akafunika kwa saruji ya kalsiamu silikati na kuziba siku hiyohiyo. Zamani ilikuwa zaidi tiba ya watoto. Sasa inakubalika hata kwa magego ya watu wazima yenye kuvimba kiini. Damu isipokoma ndani ya dakika chache, kiini cha chini nacho kimeharibika na mzizi hauna budi kutibiwa.

Hofu kwamba jino lililotibiwa mzizi huleta saratani au magonjwa ya moyo inatokana na madai ya Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, miaka ya 1920. Majaribio yake yalikosolewa na hayakuthibitishwa na utafiti uliofuata.

Jino la mbele, tibu karibu kila mara. Gego la kwanza, pigania ukiwa na kofia. Gego la mwisho kabisa, au gego lisilo na mwenzake wa kukutana naye, kung'oa si hasara kubwa. Aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye taya, anayetumia dawa kali za kuimarisha mifupa, au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mzizi ni salama zaidi kuliko kung'oa, na amweleze daktari mapema. Mwenye valvu bandia ya moyo naye aseme kabla ya lolote kufanyika.

Mjadala wote huu unasimama uvimbe ukishuka chini ya taya au ukipanda kufunga jicho, ukishindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, au ukipata homa kali. Hiyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na ukiamua kung'oa, ng'ata gozi, yaani kitambaa laini cha kufungia vidonda, kwa dakika 30 hadi 45 bila kuifungua kuchungulia. Saa 24 za kwanza usisukutue, usinyonye kwa mrija, usivute sigara. Donge la damu ndilo linalofunika mfupa. Maumivu yakianza upya siku ya pili hadi ya nne, makali na yenye harufu mbaya, donge limetoka. Rudi kituoni shimo lioshwe na kuwekwa dawa, usinunue antibiotiki dukani.