Urudi kula chapati ndo upimwe, au uache ngano yaishe?

Dada yangu anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, na kwa miaka miwili tumbo lake limekuwa stori ya familia nzima. Linajaa gesi, anaharisha, anachoka, damu haipandi hata akinywa vidonge vya kuongeza damu. Ametibiwa vidonda vya tumbo, ametibiwa taifodi, ametibiwa amiba, omeprazo kainywa mpaka basi. Mwishoni daktari mmoja akampima damu kingamwili zinaitwa tTG, majibu yakarudi yamepanda ila kidogo tu, hayafiki hata mara mbili ya kiwango, akaambiwa anahisiwa ana siliaki. Yaani kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe kila akila gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike ukiukanda, na kwenye shayiri ipo pia. Akaandikiwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka utumbo mdogo. Yeye badala ya kwenda akaacha chapati, huu mwezi wa pili sasa, na tumbo limetulia.

Sasa utata ndo unaanzia hapo, maana ili kipimo kisome vizuri lazima awe anakula ngano. Ukiacha, utumbo unaanza kupona na zile kingamwili zinashuka, kwa hiyo unaweza kupimwa ukaambiwa huna kitu wakati unacho. Mwongozo wa Uingereza unataka mtu ale gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa wiki 6 angalau. Alivyosikia hivyo akaniangalia weee, akasema, "Kaka, yaani nirudi kula kinachoniua ili wakaangalie kama kinaniua?"

Na hoja yake siyo ya kubeza. Dawa ya siliaki ni kuacha gluteni maisha yote, kidonge hamna, kwa hiyo kama ameshaacha na anajisikia vizuri hicho kipimo kinamwongezea nini zaidi ya gharama na siku za kukosa biashara? Tena huko Ulaya ngano ndo ugali wao, kuiacha ni kazi kwelikweli. Sisi huku ugali wa mahindi, udaga wa muhogo, mtama, wali, sato, michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, vyote havina gluteni. Hata ushahidi wenyewe wa huu ugonjwa ulitokana na watu kukosa mkate: kuna daktari wa watoto Mholanzi, Willem Karel Dicke, alikuwa anaishuku ngano toka miaka ya 1930, njaa ya vita ilipoingia kwao 1944 na 1945 mkate ukaadimika, wale watoto wagonjwa wakapata nafuu, mkate uliporudi wakaanza kuumwa tena.

Mimi nilikuwa upande wake kabisa, mpaka siku moja nimeenda kwake asubuhi nikamkuta anakunywa chai ya rangi na michembe. Nikamuuliza maziwa yako wapi, akasema chai ya maziwa ni ya chapati bwana, na michembe haiendi. Kumbe alivyoacha chapati aliacha na maziwa siku hiyohiyo, na yale mafuta ya chapati pia! Watu wazima wengi huku kwetu maziwa yanawasumbua, gesi na kuharisha vilevile. Na ngano yenyewe ina aina ya wanga inayochacha tumboni ikaleta gesi kwa mtu asiye na siliaki hata kidogo. Kwa hiyo nafuu yake ni ya kweli, siikatai, ila haisemi ni kipi kati ya hivyo kilikuwa kinamsumbua.

Halafu kuna ziwa. Huyu amekulia kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria, utoto wote ndani ya maji, kuteka, kufua, kuogelea. Kichocho cha tumbo kwenye mwambao huu hakishangazi mtu, na dalili zake ni hizohizo, tumbo kuuma, kuharisha, uchovu, upungufu wa damu, na kikikaa miaka kinaharibu ini mpaka mtu anatapika damu. Ini likiwa na shida hata hiyo tTG inaweza kupanda kidogo bila siliaki. Ndo maana naona ule ushauri wa mitandaoni, acha tu ngano uone, kwa mtu wa Helsinki una hatari kidogo, ila kwa mtu wa Kirumba unaweza kumfanya atulie na michembe yake huku kichocho kinaendelea na kazi.

Na hilo la kwamba chakula chetu hakina gluteni lina matundu mengi. Unga wa lishe wa watoto mara nyingi wamechanganya na ngano. Samaki wa kukaanga anaweza kupakwa unga wa ngano, mafuta ni yaleyale yaliyopikia maandazi, bia ni shayiri. Mwenye siliaki kweli anatakiwa akwepe hata mabaki hayo, na dada yangu juzi kwenye send-off kala kipande cha keki, eti kidogo tu. Angekuwa na majibu mkononi angekula? Sidhani. Tena yakithibitika, wanae na sisi ndugu zake inabidi tupimwe, karibu mmoja kati ya kumi wa ndugu wa damu wa karibu anakuwa nayo.

Watoto wenye tTG mara 10 ya kiwango au zaidi, kipimo cha pili cha damu kikikubali, Ulaya siku hizi hawalazimishwi endoskopi, ila majibu yake yeye hayafiki huko. Kwake ni mpira tu, na lazima wachukue vinyama kadhaa kwenye utumbo mdogo. Hilo nimemwambia alitaje mwenyewe, asije akaangaliwa vidonda tu akarudishwa nyumbani.

Tumekubaliana choo kipimwe kwanza, na kimepimwa: mayai ya kichocho yapo. Kapimwa uzito, kapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Huenda hiyo peke yake ikamaliza stori, huenda isimalize, na damu tutaipima tena baadaye. Ikibidi kurudi kwenye chapati kasema ataanza mbalamwezi, dagaa hawavuliwi na yeye hana haja ya kwenda mwaloni, maana wiki ya kwanza anaijua itakavyokuwa na choo cha pale ni cha kulipia.