Jimmer Fredette hakuwa garasa

Kila drafti ya NBA, yaani siku timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, inapokaribia, wachambuzi wa mitandaoni wanatoa orodha zao za magarasa wa miaka yote, na jina la Jimmer Fredette halikosi. Mwaka 2011 alichaguliwa wa 10. Klay Thompson akafuata wa 11, Kawhi Leonard akawa wa 15, na wote wawili wakaja kuwa nyota. Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Mimi naiona hukumu hiyo ni ya kivivu. Inaufanya mpira wa chuo uwe mtihani wa majaribio tu, kana kwamba miaka minne ya kijana yule pale chuo kikuu cha Brigham Young (BYU), Utah, haikuwa na maana mpaka Sacramento, timu ya NBA iliyomchukua, waipigie muhuri.

Chukua usiku wa Januari 26, 2011. Chuo cha San Diego State walikuja Provo, nyumbani kwa BYU, wakiwa wameshinda mechi zao zote 20 za msimu, na kikosini alikuwemo huyo huyo Kawhi. Fredette akawatwanga pointi 43, BYU wakashinda 71-58. Itafute video uitazame bila haraka. Hana mbio za kutisha wala haruki kama wale wa kudanki. Anadribo taratibu, utadhani anasubiri wenzake wajipange, na anayemkaba akisimama wima kidogo tu, mpira umeshatoka mkononi, tena mara nyingine akiwa hatua mbili nyuma ya mstari wa pointi tatu. Enzi zile makocha wengi wangekuweka benchi kwa utupaji wa namna hiyo. Siku hizi watoto wanaufanyia mazoezi.

Machi mwaka huo huo, kule Las Vegas, aliwafunga New Mexico pointi 52 katika nusu fainali ya mashindano ya kanda yao. New Mexico walikuwa wamewapiga BYU mara mbili msimu ule, na safari hii BYU hawakuwa na senta wao wa kutegemewa, kwani chuo kilikuwa kimemsimamisha kwa kuvunja kanuni za maadili. Yaani kila mtu ukumbini alijua mpira unakwenda kwa nani, na bado hawakumzuia. Alimaliza msimu akiongoza nchi nzima kwa wastani wa pointi 28.9 kwa mechi, akazoa tuzo ya Naismith na ya Wooden, zote za mchezaji bora wa vyuo. Safari ya mashindano ya taifa ya vyuo ikakatikia mikononi mwa chuo cha Florida, katika muda wa nyongeza, Fredette akiwa na pointi 32 alizozipata kwa kutupa sana na kukosa sana. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya mchezo wake.

Na hakuokota kipaji hicho njiani. Akiwa bado sekondari kwao Glens Falls, jimbo la New York, kaka yake TJ alikuwa akimpeleka magerezani kucheza na wafungwa, kelele za kila namna zikimwandama, ili azoee kutupa huku anatukanwa. Huyo huyo kaka alimwandikia mkataba wa kuahidi kwamba atafanya kazi yote inayohitajika kufika NBA. Jimmer akasaini.

Sasa tuje Sacramento. Gadi wa aina yake, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, anaishi kwa ruhusa ya kocha. BYU, kocha Dave Rose alimwachia mpira na kuwapanga wengine wanne kumzunguka. Sacramento alikuta mgomo wa wamiliki wa timu umefupisha maandalizi ya msimu, na mechi zikaanza siku ya Krismasi. Haikupita muda kocha Paul Westphal akafukuzwa, akaja Keith Smart, baadaye Mike Malone. Mpira ulikuwa mikononi mwa wengine, na yeye akaambiwa asimame pembeni asubiri pasi. Tusidanganyane lakini: ukabaji wake ulikuwa dhaifu, na magadi wa NBA walimpita kirahisi. Isaiah Thomas, aliyechaguliwa na Sacramento hao hao akiwa wa 60, wa mwisho kabisa, ndiye aliyempokonya nafasi. Kwa hiyo sisemi alionewa. Ninachokataa ni kwamba kushindwa kule kunarudi nyuma na kufuta usiku wa San Diego State.

Sisi Watanzania tulipaswa kulielewa hili mapema, maana tunaye Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na mpaka leo kuna watu hapa hapa nyumbani wanamtaja kwa kicheko. Mtoto wa Dar aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka 15 hivi, akaenda Connecticut na kuwa mmoja wa wachezaji bora wawili wa ligi ya Big East! Baadaye akacheza Japan na Taiwan, akila kwa jasho la kazi yake. Garasa gani huyo?

Fredette naye hakwenda kulima. Alihamia Shanghai, akapewa tena ile ruhusa, na mwaka 2018 akafunga pointi 75 katika mechi moja. Timu yake ilifungwa 137-136, jambo ambalo wanaomcheka hawaachi kulikumbusha. Ugiriki alichukua ubingwa na Panathinaikos. Kisha akageukia mpira wa watatu kwa watatu, ambako hakuna kocha wa kukuita benchi wakati mechi inaendelea, na mwaka 2024, akiwa na miaka 35, akavaa jezi ya Marekani kwenye Olimpiki ya Paris. Jeraha la mguu likamwangusha mapema, na timu ikafanya vibaya bila yeye. Mwaka uliofuata akastaafu.

Wanaotengeneza zile orodha waendelee, ni haki yao. Ila mimi nikiulizwa gadi gani wa chuo niliyefurahia kumtazama kuliko wote, simtaji Curry wa enzi zake chuoni Davidson, japo najua nitarushiwa mawe.