Sanamu za Wakumani zingebaki nyikani

Mwaka 1253 mtawa wa Kifransisko, Willem wa Rubruck, alikatiza nyika ya kaskazini mwa Bahari Nyeusi akielekea kwa Wamongolia. Njiani aliona makaburi ya Wakumani, wafugaji wa farasi waliosema lugha ya jamii ya Kituruki, akaandika: tuta kubwa la udongo juu ya marehemu, na sanamu imetazama mashariki, imeshika kikombe mbele ya kitovu. Kwenye kaburi moja jipya alikuta ngozi za farasi 16 zimetundikwa kwenye miti mirefu, nne kila upande wa dunia, pamoja na nyama na maziwa ya farasi yaliyochachushwa, chakula cha marehemu. Na marehemu mwenyewe, aliambiwa, alikuwa amebatizwa!

Kila nikisoma maelezo hayo naumia. Yeye aliona kila kitu mahali pake.

Karne zilizofuata, wenye mashamba makubwa walizing'oa sanamu hizo wakapambia bustani zao. Nyingine zikawa nguzo za mageti. Hata wasomi waliozikusanya kwa nia njema walizipanga kwenye viwanja vya makumbusho, mara nyingi bila kuandika imetoka tuta lipi. Warusi huziita "baba", neno lao la mwanamke mzee, na kweli nyingi zina matiti. Lakini kwa Kituruki baba ni baba, kama kwetu, na wapo wanaoamini jina lilianzia huko.

Mwanaakiolojia wa Kisovieti Svetlana Pletneva, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1974, alichambua sanamu zaidi ya 1,000: kofia, mikufu, mikanda, vifuko vya kiunoni. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Aliona kwamba zilisimama kwenye sehemu za kuwaenzi mababu, tena mara nyingi juu ya matuta ya watu wa kale zaidi. Rubruck anasema sanamu ni ya marehemu aliye chini yake. Ubishi huu ungemalizwa kwa kufukua tu, lau sanamu zingekuwa zimesimama zilipowekwa.

Mwaka 1981, kwenye tuta la Chungul karibu na mto Molochna nchini Ukraine, wanaakiolojia walimkuta mkuu mmoja wa Wakumani wa karne ya 13 amezikwa na mavazi ya hariri, na farasi watano wakiwa na matandiko yao. Kaburi lilichimbwa ndani ya tuta la Enzi ya Shaba, likaongezewa udongo juu. Hakuna aliyewatangulia kulivuruga, ndiyo maana waliweza kuyafuata mazishi hatua kwa hatua, tangu shimo hadi kilele.

Mwaka 2022 makombora yalizipiga sanamu zilizokusanywa kwenye kilima cha Kremenets, mjini Izyum, Ukraine, wakati wa vita na Urusi. Moja ilibaki vipande.

Kwa zilizosalia, nayaomba makumbusho jambo moja. "Wakumani, karne ya 12" haitoshi. Kwenye kila kibao iandikwe sanamu ilisimama wapi na nani aliing'oa, na pale pasipojulikana, iandikwe wazi kwamba hapajulikani.